Naomba ushauri: kusafisha kisukuku cha mnyama wa miiba wa baharini

Habari zenu wakuu. Niko Kent, Uingereza. Jumapili nimeokota ufukweni, chini ya majabali ya chaki, kisukuku cha Micraster, jamaa wa wale wanyama wa miiba wanaotuchoma miguu kwenye miamba ya kwetu. Kina umbo la moyo, na juu kuna nyota ya mistari mitano ya vitundu vidogo sana. Miiba yote imekwisha. Aliishi amejifukia kwenye tope la bahari, zaidi ya miaka milioni 80 iliyopita!

Sasa chaki imegandia mdomoni. Siki siitaki, maana gamba lenyewe ni chokaa, litaliwa. Nitumie sindano, au mswaki laini na maji? Baadaye nikipake gundi? Nimekipenda mno, naogopa kukiharibu.