Mrejesho: mbwa anayevuta kamba na kurukia wageni

Wakuu, niliuliza namna ya kumtuliza mbwa mchanga aliyeokotwa mtaani, ninayemlea kwa muda hapa Kirumba, Mwanza. Asanteni sana, mabadiliko yapo.

Kilichosaidia zaidi ni dagaa wakavu wasio na chumvi. Pepeta mchanga, kata kila mmoja vipande viwili. Kamba ikilegea, mpe kipande palepale, usawa wa goti lako. Ikikaza, simama kabisa mpaka ageuke. Ukichelewa sekunde chache tu, anadhani zawadi ni ya jambo jingine. Na ukimvuta, naye huvuta zaidi. Dakika tano zinatosha kwa zoezi moja. Ukizidisha, anachoka na kuanza kutafuna kamba.

Kurukia watu: nyumba nzima imgeuzie mgongo, kimya, mpaka miguu yote minne iwe chini. Mtoto mmoja akicheka na kumshika, mnaanza upya.

Matembezi ni kabla ya saa moja asubuhi, kwani lami na mawe yetu mchana huunguza nyayo. Chanjo ya kichaa cha mbwa kapata.

Bado anabwekea bodaboda. Tunakaa mbali kiasi cha yeye kuiona bila kubweka, anapata dagaa, kisha tunasogea hatua chache.