Mama akitapeliwa kwa simu, kosa ni la nani?

Mwana Uyole: Wadau, juzi mama yangu kapigiwa simu yuko sokoni Uyole: "Mimi mwalimu wa malezi, mwanao kaanguka bwenini, daktari anataka 80,000 ya vipimo sasa hivi, usikate simu." Akafungua hela ya viazi kwenye pindo la kanga, akaenda kwa wakala simu ikiwa sikioni. Mtoto alikuwa darasani, mzima. Nyumbani wote wanamsema yeye. Mimi nasema aulizwe mwenye ile laini. Nyie mnaonaje?

Fundi Simu Kabwe: Pole sana. Ila elimu imetolewa mpaka imechosha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, laini tumesajili kwa vidole 2019, namba ya matapeli unaituma 15040. Akina mama wa viazi hela wanajua kuhesabu, simu hawataki kujifunza. Anayeliwa ni tamaa au uzembe.

Binti Isyesye: Tamaa iko wapi hapo kaka? Aliahidiwa nini? Anayetafuta utajiri wa Freemason sawa, mwite mwenye tamaa. Huyu katishiwa mtoto!

Mkulima Umalila: Fundi, hayo ya "akina mama wa viazi" yamenichoma. Gunia kisheria mwisho kilo 100, sisi tunauza lumbesa, gunia la kujaza kupita kipimo, kila msimu, dalali kasimama anasema lori linaondoka. Unajua unaibiwa, unakubali, viazi visiozee shambani. Nao ni uzembe?

Dalali Mwanjelwa: Mzee, madalali tunaingiaje? Lumbesa mnashona wenyewe huko huko shambani.

Mkulima Umalila: Tusiposhona hununui!

Dalali Mwanjelwa: Nisiponunua mimi atanunua mwingine. Wekeni mizani kijijini, mimi sina shida na kilo.

Mkulima Umalila: Mizani ikija ndiyo siku lori lako halionekani.

Mwanachuo Iringa: Shikamooni wakubwa. Mzee wa Umalila kagusa penyewe. Lori linaondoka, daktari anasubiri: ni kamba ileile. Mtu akibanwa na haraka, na anayembana ana sauti ya cheo, hapati nafasi ya kuuliza. "Usikate simu" ina kazi yake, maana akikata atapiga shuleni. Na wasomi wanaliwa. Unaletewa ujumbe feki kwamba umepokea 50,000, kisha mtu anapiga analia kakosea namba. Unamrudishia kwa uungwana wako, salio hujatazama.

Fundi Simu Kabwe: Sawa mdogo wangu, tamaa naifuta, na mama yetu wa Uyole anisamehe. Uzembe nabaki nao. Tumeweka vidole 2019 wote, aliyepiga ana jina, kwa nini hamkwenda polisi?

Binti Isyesye: Jina la nani? Zoezi lilianza 2019, laini zikaanza kuzimwa Januari 2020, watu wakakimbilia vijana wa mwamvuli wanaosajili laini barabarani. "Mama, kidole hakijasoma, weka tena." Kidole cha pili kinasajili laini nyingine kwa jina lako. Mwana Uyole, chukua simu ya mama upige *106#.

Mwana Uyole: Nimepiga sasa hivi, mama yupo pembeni yangu. Kwenye kitambulisho chake kuna laini tatu. Yeye anayo moja.