Naomba ushauri: twaenda Tucson mwezi huu wa Machi, tubebe nguo gani?

Assalam aleikum ndugu zangu. Mie na mamangu twasafiri wiki ijayo kutoka Mombasa kwenda Tucson, Arizona, kwa kakangu. Mji uko ndani ya jangwa la Sonora, na jangwa kwangu mie lilikuwa joto tu, mchana na usiku. Sasa naangalia utabiri wa wiki: mchana 75 hadi 80, usiku 47. Wamarekani wahesabu kwa Farenhaiti, kwa hivyo ni kama 24 hadi 27 zetu mchana, na usiku 8! Mamangu hulalamika baridi mvua ikinyesha tu hapa Likoni.

Kaka asema hewa ikiwa kavu na mbingu haina mawingu, jua likitua joto lote lapaa. Hapa kwetu Machi hata usiku wa manane watu wajipepea.

Baridi ni ya sweta, sawa. Linalonitia wasiwasi zaidi ni upepo. Alhamisi waonyesha upepo mkali na vumbi, unyevu wa hewa asilimia 15, na mama ana pumu. Tena ndio msimu wa miti kutoa chavua. Daktari tutamuona kabla ya safari, lakini aliyewahi kuishi huko na pumu, alikuwa akifanyaje siku za vumbi? Barakoa yasaidia? Na ngozi, mafuta ya nazi yatosha?

Pia anayejua wapi Kongowea wauza masweta mazito ya mitumba, anitajie na bei.