Kamati za harusi, acheni kupanga bajeti kwa hela ya ahadi!

Wakuu, kwa hili sibembelezi mtu. Kila msimu ni yaleyale. Kamati inakaa, inapitisha bajeti ya milioni 20, kisha inachukua orodha ya majina na kuwagawia watu mzigo: singo (kadi ya mtu mmoja) elfu 50, dabo (ya watu wawili) laki moja. Nani kaulizwa kama anaweza? Mtu anashtukia kaungwa kwenye grupu la WhatsApp, yuko namba 87, na mbele ya jina lake kuna ahadi aliyoandikiwa na binamu yake.

Ahadi si hela! Mhazini yeyote aliyewahi kushika daftari anajua sehemu kubwa huingia wiki ya mwisho, na nyingine haiingii kabisa. Mnaweka harusi tarehe 18, mshahara ushaisha. Au mnaiweka Desemba, mtu ana kadi nne mezani na ada ya Januari inamkodolea macho. Mwenye ukumbi hana habari na hayo. Anataka malipo ya awali ndipo akushikie tarehe, na salio limalizwe kabla ya shughuli. Mpishi naye hanunui nyama kwa ahadi. Hela inatakiwa kutoka kabla haijaingia, na anayeziba pengo ni bwana harusi, kwa mkopo wa kausha damu. Milioni 4 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi: miezi mitatu ya riba tupu ni milioni 2 na laki 4, na milioni 4 zenyewe bado zinadaiwa. Wakati huo kamati ishavunjwa zamani, kwa nyama choma na bia zilizotoka kwenye mfuko huohuo wa harusi.

Anzeni na taslimu. Maharusi na wazazi wa pande zote waseme wana kiasi gani mkononi leo, si watakachouza. Hicho ndicho kilipie vitu visivyokwepeka: mahari, pete, nguo, ukumbi. Michango ije juu yake, na kwenye karatasi ahadi ihesabiwe nusu. Kukiwa na ahadi za milioni 12, panga matumizi ya milioni 6. Ikizidi, ongeza muziki.

Wekeni siku ya mwisho ya kupokea michango, wiki tatu kabla ya shughuli, na idadi ya sahani ifungwe baada ya hapo. Sahani ndiyo inayokula bajeti, si keki. Watu 300 kwa elfu 25 ni milioni 7 na nusu. Ukipunguza 80 umeokoa milioni 2. Lakini kamati ikibanwa inakata mpiga picha, sahani haiguswi, kwa sababu kila mjumbe ana watu wake aliowaahidi kadi.

Ukumbi, someni mkataba kabla ya kulipa. Ulizeni: vinywaji vya nje vinaruhusiwa, na kwa tozo gani? Mpishi wa nje je? Mafuta ya jenereta ni ya nani umeme ukikatika? Muda ukizidi mnatozwa kwa saa au mnazimiwa taa? Kumbi nyingi za bei rahisi zinarudisha hela yao hapo.

Halafu michango kupokelewa kwenye simu binafsi ya mhazini ni uzembe. Inachanganyika na hela ya vocha na ya luku, na siku ya hesabu hakuna anayejua ipi ni ipi. Fungueni akaunti ya watia saini wawili, au angalau laini mpya isiyofanya kazi nyingine, na kila Jumapili orodha ya walioingiza taslimu iwekwe kwenye grupu. Taslimu tu. Ahadi zikae kwenye daftari la katibu, msiwaanike watu.

Na hili la kumnyima kadi aliyetoa elfu 30 kwa kuwa hajafika kiwango ni aibu tupu. Hela yake mmekula. Kama nafasi hakuna, mwambieni mapema kwamba ni mchango usio na kadi, aamue mwenyewe.

Mtaniambia "heshima ya familia". Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inadai tangazo la siku 21 na mashahidi wawili. Matarumbeta na magari sita ya rangi moja hayamo. Hata mahari isipokamilika, ndoa haibatiliki kwa sababu hiyo. Wanaofungia msikitini na kula pilau uani kwa wazazi wameoana sawasawa na nyie.

La mwisho kwa wahazini: vinywaji nunueni kwa makubaliano kwamba visivyofunguliwa vitarudishwa, na kreti zihesabiwe zikiingia na zikitoka. Rehani ya chupa na kreti ni hela ya maharusi, si nauli ya kamati.