Bibi wa mwani (akriliki): ngozi inatoka kijivu, na je maana niiandike pembeni?

Bi_Bamvua
Habari zenu wapenzi wa rangi. Mie nachora kwa mapenzi tu, kazi yangu ni nyengine kabisa, nipo Unguja upande wa Paje. Nina kanvasi ya sentimita 60 kwa 80, namchora bibi yangu kwenye shamba la mwani, maji ya bamvua yamepwa, kainama anafunga mbegu (vipande vya mwani) kwenye kamba, kanga kaipandisha magotini na vigingi vimekwenda mpaka kule mawimbi yanapovunjika. Kwangu mchoro huu ni mzito kwasababu mwani umeanza kulimwa kibiashara huku mwishoni mwa miaka ya 80 na walioingia wengi ni kina mama, bibi mmoja wao, bati la nyumba tunayokaa limetoka mule majini. Saivi ile aina ya mwani iitwayo kotonii, yenye bei, inakufa bahari ikipata joto, kina mama wanabaki na aina nyengine, spinosum, ambayo bei yake ndogo. Hicho ndo ntakacho mtu akione.

Sasa, ngozi. Pale jua linapompiga mgongoni nachanganya kahawia na nyeupe, ikikauka bibi anakuwa kama kapakwa majivu. Bibi ni mweusi anang'aa, mnafanyaje? La pili, maana mnaiandika pembeni ya mchoro au mnamwachia mtazamaji?

FundiVivuli
Dada Bamvua hongera, wazo zuri sana hilo. Tatizo ni nyeupe ya titani, ile ni baridi na inafunika kila kitu, ukiitia kwenye kahawia lazima upate kijivu. Iweke mbali kwanza. Giza la ngozi lipate kwa amba (kahawia iliyokoza) na bluu ya ultramarini, hapo unapata weusi wenye uhai kuliko rangi nyeusi ya kwenye tyubu, halafu ukipanda kwenda kwenye mwanga tumia siena (kahawia yenye wekundu), kisha siena na oka ya njano (njano ya udongo), na chungwa kidogo sana. Pale panapong'aa kabisa, begani na mfupa wa shavu, usiweke weupe, weka bluu nyepesi ya mbingu tabaka jembamba, maana ngozi nyeusi yenye jasho inarudisha rangi ya anga, kamwangalie bibi saa nne asubuhi utaiona. Na kumbuka akriliki ikikauka inakoza kidogo, ile gundi yake ikiwa mbichi ni ya maziwa ikikauka inakuwa safi kama haipo, kwahiyo changanya hatua moja nyepesi zaidi ya unavyotaka.

Kitu kingine wengi wanakiruka: kainama juu ya mchanga mweupe na maji kidogo, kwahiyo mwanga unampiga pia kutokea CHINI. Uso wake hauwezi kuwa giza tupu, chini ya kidevu na kwenye mikono weka njano ya joto. Ukikosa hapo ataonekana kapigwa picha studio.

mchoraji_kgb
Naongezea kwa wa pwani wote, joto letu rangi inakauka kwenye paleti kabla hujageuka. Chukua sahani yenye kifuniko, tandika sponji lililolowa, juu yake karatasi ya kuokea, changanyia hapo, rangi inakaa mpaka kesho. Na ukitaka tabaka nyembamba usizidishe maji, gundi inaishiwa nguvu rangi inakuja kubanduka, tumia midiamu, yaani ile gundi ya akriliki isiyo na rangi. Kwa mazoezi ya ngozi usiharibu kanvasi, nunua kitambaa cha marekani, ifue itoke wanga, ivute kwenye fremu, pakaza rangi nyeupe ya maji ya ukutani mara mbili na upige msasa. Ila kazi ya kuuza weka jeso yenyewe, ile rangi nyeupe ya kuandalia kanvasi.

Mama_Rangi
Kuhusu maana mimi siandiki na sitaandika. Mchoraji wetu Edward Tingatinga alichora kwa rangi ya enameli (rangi ya mafuta inayong'aa) juu ya hadibodi, amefariki 1972, na mpaka leo mtu anasimama mbele ya wanyama wake bila karatasi ya maelezo. Mchoro useme wenyewe mwanangu.

FundiVivuli
Mama Rangi kwa heshima zote hapa napingana nawe. Chui kila mtu anamjua. Mwani je? Mgeni anakuja Paje anaona mama, bahari ya kijani na kanga, ananunua "ufukwe mzuri" anaondoka. Kama hajui kamba ile ni nini basi bibi kageuzwa pambo. Mistari miwili tu nyuma ya kanvasi, haiui mchoro.

Mama_Rangi
Basi jina la mchoro libebe hilo. Na kamba zenyewe pia, zionekane zina nini juu yake.

Bi_Bamvua
Mama Rangi umenifungua hapo kwenye kamba. Nlikuwa nimezichora zote zimejaa mwani, zinapendeza lakini sio kweli, nazifuta za upande wa kulia ziwe tupu zimeota uchafu wa baharini na zile alizosimama bibi ndo zenye mbegu mpya anazozifunga kwa mkono wake. Jina nitaita "Kamba za bibi" na nyuma ntaandika mistari miwili kama alivosema Fundi, aina ya mwani na kwanini kamba hazina kitu. Leo jioni najaribu siena na oka kwenye kipande cha marekani ntawawekea picha. Fundi, hiyo bluu ya begani niipake siena ikiwa bado mbichi au nisubiri ikauke kabisa?

FundiVivuli
Subiri ikauke, kisha bluu na midiamu, futa kingo kwa kidole.