RF 200-800 au 100-500 kwa shakwe wawili wa Musambwa?

Macho_ya_Ssese: Wakuu, hamjambo. Nina milioni saba za Uganda na safari ya Musambwa, kile kisiwa cha Ziwa Viktoria wanakozaliana shakwe, imekaribia. Nataka kupiga shakwe kichwa-kijivu, dume akimlisha jike. Ndege mmoja kasimama juu ya jiwe ninaye tele. Nimebakiza lenzi mbili: Canon RF ya milimita 200-800 au RF 100-500 iliyotumika. Nichukue ipi?

Mzee_Portbell: Bodi gani ya kamera? Utapigia mtumbwini au nchi kavu? Picha za simu au za ukutani? Mficha uchi hazai.

Kasenyi_1: 200-800, usiulize mara mbili. Ndege wa ziwani hawakaribiki.

Mwari: Hawakaribiki wapi? Pale mtumbwi unapita chini ya mawe na shakwe wamebanana. Kwa 800 utarudi na jicho la jike na nusu ya mdomo wa dume. Ndege wawili wanataka nafasi, tena wanataka kina cha fokasi. Ukifungua lenzi yote, mmoja ana macho makali na mwenzake ni moshi. Ngoja wasimame ubavu kwa ubavu mbele yako, ubane tundu la lenzi hadi f/8 au f/10.

Macho_ya_Ssese: Samahani, bodi ni R7. Mtumbwini, alfajiri.

Mzee_Portbell: Ungesema mapema! R7 ina sensa ndogo, inazidisha kwa 1.6. Hiyo 500 inakuwa kama 800 tayari, na 200 inaanzia 320. Halafu 200-800 ikifika mwisho ni f/9, mwanga unaingia kidogo. Alfajiri, shata 1/2000 ya sekunde, ISO itapanda, picha ijae chembe hadi ulie.

Kasenyi_1: Kwenye 500 moja ni f/7.1, nyingine f/8. Theluthi ya stopu ya mwanga! Watu wanagombania senti.

NikonDamu: Nikon Z 180-600. Ukizungusha zumu hairefuki, vumbi halinyonywi.

Mwari: Ssebo, mwenzio ana Canon.

Bukakata: Mimi nina neno kuhusu hiyo "iliyotumika". Nilinunua lenzi mjini, duka silitaji. Dukani giza, umeme umekatika, jamaa ananiambia kioo ni safi kama machozi. Ziwani kila picha ya kuelekea jua ikatoka na utando mweupe. Fundi akamulika tochi kwa nyuma: ukungu umetambaa ndani kama utando wa buibui. Bei ya kuisafisha ilikaribia bei ya lenzi nyingine. Nikarudi dukani, naambiwa yule kijana alikuwa mgeni tu, si wa pale. Simu yake haikupokelewa tena hadi leo. Nenda na tochi yako, na kadi yako, upige picha ukitazama mwanga.

Kasenyi_1: Ndiyo maana nasema mpya.

Mwari: Lenzi yoyote ile, sami, wale wadudu wadogo wa makundi, wakitoka ziwani fokasi inashika wadudu. Na usitumie shata ya kielektroniki kwenye R7, mabawa yatapinda pichani. Ya kimekanika inatoa picha 15 kwa sekunde, inatosha. Jike akianza kurusha kichwa juu juu anaomba chakula. Bonyeza hapo hapo, dume akishatapika samaki umechelewa.

Bukakata: Na mwambie nahodha asiwasukume. Wakiruka wote, mayai yanabaki juani.

Kasenyi_1: Wavuvi wanaishi hapo hapo, shakwe wamewazoea.

Bukakata: Wamezoea wavuvi. Wewe na jitu lako la lenzi wamekuzoea lini?

Mzee_Portbell: Mafuta ya mtumbwi hayo yote ya nini? Nenda ghuba ya Lutembe, buabua kibao.

Mwari: Mzee, wale buabua bawa-jeupe ni wageni wa Ulaya na Asia. Hapa wanakula na kupumzika, uchumba wanaufanyia kwao. Bora furukombe, wale tai wala samaki, wa mfereji wa Kazinga: wanaitikiana wawili, vichwa nyuma, jike ndiye mkubwa na dume ana sauti nyembamba. Pale hata 100-500 inakutosha.

Macho_ya_Ssese: Kazinga mashua ya asubuhi au ya mchana?

NikonDamu: Asubuhi. Jumamosi ijayo mimi naenda, gari lina nafasi mbili, mafuta tunachanga.

Kasenyi_1: Nafasi moja yangu. Nakuja na 200-800.