Funguo zimezama baharini, makufuli mawili yamebaki mlangoni

Mama Vibua
Wakuu, habari za mchana. Naomba msaada wa haraka, na wa kucheka acheke kwanza amalize.

Asubuhi nimetoka Feri na ndoo yangu ya samaki, nikapanda kivuko kurudi Kigamboni. Nimeegemea ukingo, nafungua pindo la kanga nitoe hela nimlipe muuza karanga. Nikasikia chubwi! Kaka mmoja pembeni akaniambia, "Pole mama, hizo sasa ni za pweza."

Fremu yangu ya biashara ina mlango wa chuma na makufuli mawili. La juu dogo, la shaba. La chini ni lidude, upinde wake mnene kama kidole gumba, umeandikwa maneno ya Kizungu. Ndani kuna friza lina mali ya karibu laki mbili. Mita ya LUKU nayo imo humohumo, na jana usiku ilisoma uniti 4. Umeme nimeshanunua kwenye simu, namba ninazo, pa kuziingizia ndiyo sipafikii. Funguo za akiba ziko kwenye droo. Droo iko ndani.

Kijana wa jirani amejaribu nyundo na msumeno wa chuma. Lile kubwa limechubuka rangi tu, meno ya msumeno ndiyo yameisha.

Mzaramo Halisi
Pole dada. Usihangaike, vikianza kunukia paka watakufungulia.
Natania. Tafuta mkasi wa nondo kwa mafundi ujenzi.

Fundi wa Mezani
Mama, mwambie huyo kijana aweke nyundo chini. Kufuli likishapondeka hata mwenye ufunguo halimfungukii. Mimi mwaka wa 14 huu nakaa na meza ya funguo mjini, kazi zinazonichosha ni zile zilizopitiwa na nyundo kwanza.

Maandishi ya kwenye upinde yanasema chuma kimekazwa kwa moto. Msumeno unateleza juu yake, na mkasi wa nondo utapata pengo. Hilo ni la grenda. Lakini kwa nini ulikate? Umesema funguo za akiba zipo. Tazama masikio ya mlangoni yanayoshika kufuli. Mtu ananunua kufuli la bei mbaya, analitundika kwenye kipande cha nondo ya milimita 8! Kata sikio, kufuli litoke zima, fundi wa kuchomelea arudishie sikio jipya. Zingekuwa zimeibiwa ningekwambia utupe makufuli yote, ila huko ziliko hakuna mwizi.

La shaba ni laini. Grenda isipofika, fundi atoboe kwa drili palepale kwenye tundu la ufunguo mpaka vile vipini na springi vitoke, azungushe kwa bisibisi bapa.

Mtungi wa gesi uko karibu na mlango? Kama upo, sema kabla cheche hazijaanza. Na mwite mjumbe au mwenye nyumba asimame hapo. Mimi bila wao sigusi mlango wa mtu nisiyemjua.

Mama Vibua
Mtungi uko nyuma kabisa, jikoni. Nawaita.

Mama Vibua
Jamani, tumeingia! Mjumbe alikuja na kiti chake kabisa. Umeme wa grenda tumevuta saluni. Sikio la chini halikumaliza hata dakika mbili. La juu limebanana na fremu ya mlango, diski haikupita, ikabidi kufuli la shaba litobolewe. Unga wa shaba umejaa kizingitini, unang'aa kama dhahabu, watoto wanauchota.

Mita imesoma 1.2. Samaki bado mawe. Fundi wa grenda amechukua 15,000 na vibua vitano, mjumbe vitatu.

Sasa hapa ndipo nimekaa chini. Kwenye droo nimekuta funguo tatu, zote za kufuli la shaba. Za lile kubwa ndiyo nimekumbuka: zilikuwa mbili, nikazifunga pamoja pindoni ili zisipotee.

Mzaramo Halisi
😂😂 Pweza ana akiba.

Fundi wa Mezani
Lilete mezani hivyohivyo lilivyofungwa, nitalichongea ufunguo. Njoo na mkoba mama, kanga iache nyumbani.